Mbulu, Katesh na Mkoa Mpya

Machoni pa baba yake, mzee Margwe wa Mbulu mjini, Efrazia alikosea mara mbili: kuolewa na Gidahosh, mtoto wa wafugaji wa Dirma, na kuhamia naye Katesh, mji wa upepo na vumbi. Miaka tisa mzee hakukanyaga kwake. Wajukuu watatu walimjua babu kwa picha tu. Efrazia aliuza chai na maandazi stendi, akitaniana na kila abiria, lakini jambo hilo lilimkaa rohoni.

Hakumbembeleza baba. Alimtambia. Kwa barua alizompa kondakta wa basi, alimwarifu kwamba tangu biashara iachiwe huru Katesh ilikuwa na maduka manne ya bati, mashine tatu za kusaga, na sasa ghorofa lilikuwa linapanda. Margwe, fundi mwashi tangu ujana, angenyamazaje? Alijibu kwamba Mbulu ilikuwa na ofisi za serikali wakati Katesh inalala fisi, na kwamba kwa upepo ule ghorofa lao halimalizi masika. Binti akitangaza kituo cha mafuta, baba anajibu kwa soko lililoezekwa upya. Gidahosh alisomewa barua hizo akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akauliza kama ametajwa. Hakuwahi kutajwa.

Mwaka 2002 zikavuma habari za mkoa mpya wa Manyara, na barua zikapamba moto. Margwe aliapa kwamba makao makuu yatakuwa Mbulu, maana ndiyo iliyotangulia. Efrazia akaapa ni Katesh, maana ndiyo inayokimbia. Redio ikatangaza Babati. 

Jumamosi iliyofuata, basi la Mbulu liliposimama, alishuka Margwe. Alivaa koti lake jeusi la misibani, na kondakta akamshushia kiroba cha maharage, kama mtu aendaye kwa wafiwa. Efrazia alijua mama yake amekufa. 

"Shikamoo, baba. Nyumbani kuna nini?"

"Marahaba. Nyumbani wazima," alisema mzee. "Nimekuja kuwapa pole. Mmekosa mkoa kama sisi, na mfiwa hapewi pole kwa barua."

Efrazia alicheka huku analia, mbele ya stendi nzima, wala hakuona haya. Nyumbani Gidahosh alimwamkia mkwewe kwa sauti ndogo. Mzee akaitikia, akamwita mwanangu, akampa pole na yeye. Basi wakaketi wanaume hao wawili wakaisema Babati: joto lake, mbu wake, bahati yake ya kukaa njia panda. Wajukuu wakamzoea babu, wakampanda magotini.

Jua liliposhuka, Efrazia alimkumbusha kwamba basi la mwisho linaondoka. Margwe akavua koti, akampa akatundike.

"Msiba kama huu hauishi kwa siku moja," alisema. "Nitalala wapi?"