Kikopo Chini ya Nguzo Namba Saba

Nilichoma barua ya mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa nimefunga siku tatu, watu sita wakiimba haleluya pembeni yangu.

Ninaandika haya polepole. Kusoma nimejifunza nikiwa na miaka hamsini na moja, kwenye masomo ya jioni, kwa hiyo nivumilieni. Kila sentensi naisoma mara mbili kabla ya kuendelea. Mtaona kwa nini.

Naitwa Lambert.

Hata kuandika neno hilo moja hapa mbele ya watu kumenichukua muda.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Nilifika Johannesburg mwaka 2005 na mke wangu Denise na binti yetu mmoja, Arlène. Kazi yangu ni kuangalia magari ya wateja kwenye parking ya maduka huko Randburg. Unavaa kizibao cha njano, unamwonyesha mtu nafasi, unamwambia "sharp, boss", akitoka anakuachia chochote. Eneo langu ni kuzunguka nguzo ya taa namba saba. Nimesimama hapo tangu 2009. Arlène akitoka shule alikuwa anakuja kukaa chini ya nguzo hiyo kunisubiri.

Denise alitutoka mwaka 2014. Kitenge chake cha mbayuwayu tulikikata vipande viwili. Nusu akachukua Arlène. Nusu nikaifunikia Biblia yangu.

Miaka miwili baadaye Arlène akaenda Dubai. Mji wa jangwani, uliojaa watalii, kazi hotelini, kila mtu akasema Mungu ni mwema. Alinipigia kila Jumapili.

Mwezi Machi 2017 vijana walinipora simu karibu na robot, taa za barabarani, nikivuka barabara. Laini haikuwa kwa jina langu, kwa hiyo sikuweza kuirudisha. Namba yake ilikuwa humo humo. Sikuwa nimeiandika popote. Ningeiandikaje? Sikujua kuandika.

Kikaanza kimya.

Zamani kanisani wote waliniita Papa Arlène. Mwezi baada ya mwezi wakaanza kuliacha jina hilo, kama watu wanaozunguka shimo. Siku moja Mama Marthe, kiongozi wetu wa maombi, akanishika mkono.

"Papa, tumuwekee mtoto matanga. Tulie, tumalize, roho yake ipumzike."

"Mama, simziki mtu ambaye sijaona kaburi lake."

"Basi Bwana akuonyeshe."

Nikajiandikisha masomo ya jioni wiki ileile. Nilijiambia, hata kama jina la mwanangu liko kwenye karatasi fulani duniani, mimi nitalisoma mwenyewe.

Sasa sikilizeni lililotokea.

Mwezi Mei 2018 alikuja mzungu mmoja mzee, amevaa kaptula kwenye baridi ile. Ana karatasi mkononi. Akanisogelea.

"Samahani. Kuna mtu hapa anaitwa Lambert?"

Nikaitazama karatasi yake.

Niwaambie kitu. Mwaka 2008 tulikuwa tunaishi Alexandra. Usiku mmoja watu waliokuwa wakiwawinda wageni walipita mlango kwa mlango wakiuliza majina, maana jina ndilo lilikuwa linasema wewe ni wa wapi. Arlène alikuwa na miaka kumi na moja. Nilimweka nyuma ya kabati, nikamfundisha sentensi moja: "Ukisikia mtu usiyemjua anakuita, jibu: hakuna Arlène hapa." Aliirudia kwa kunong'ona mpaka alfajiri. Hakuna Arlène hapa. Hakuna Arlène hapa.

Tangu siku ile, mgeni mwenye karatasi akiuliza jina langu, mimi si yeye.

"Hakuna Lambert hapa," nikamjibu.

Akamuuliza na mwenzangu Pitchou, kijana wa Lubumbashi anayesimama nguzo namba nane. Pitchou naye akatikisa kichwa. Mzee akaondoka taratibu, akigeuka nyuma.

"Eish, vieux, mzee wangu!" Pitchou akacheka. "Petro alimkana mtu mwingine. Wewe umejikana mwenyewe!"

"Nyamaza. Kama ni watu wa vibali je?"

"Na kaptula ile?"

Tukacheka wote wawili. Mungu anisamehe kicheko kile.

Wiki tatu baadaye mambo yakaanza.

Mwanamke mmoja aliegesha gari mbali, kwingine kote kukiwa wazi. Akatembea akiangalia simu, hatua moja, hatua mbili, mpaka kwenye nguzo yangu. Akajifanya anafunga kamba za viatu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akaondoka haraka.

Viatu vyake havikuwa na kamba.

Jumatano wakaja mume na mke. Vilevile. Simu mkononi, hatua za kuhesabu, macho ya wizi. Safari hii niliona. Chini ya kila nguzo kuna kifuniko cha bati kinachoficha skrubu kubwa, na kinanyanyuka. Yule mume alikinyanyua, akatoa kitu, akaandika, akarudisha.

Hawakuingia dukani. Hawakununua hata mkate.

"Papa, hao watu wanafanya nini kwenye nguzo yako?" Pitchou hakuwa anacheka tena.

"Sijui."

"Kule kwetu mtu akizika kitu mahali pako pa kazi, unajua maana yake."

Nilijua.

Wiki hiyohiyo gari liliibwa kwenye eneo langu, mara ya kwanza kwa miaka tisa. Halafu mgongo ukaanza kuniuma. Usingizi ukakata. Nikiwa nimesimama pale nilisikia kama mtu yuko nyuma yangu, anasubiri nigeuke. Nageuka, ni nguzo tu.

Ijumaa nikafunga. Nikaomba Zaburi ya tisini na moja. Nikanyanyua lile bati.

Kikopo cha plastiki cheusi. Ndani yake karatasi ndefu iliyokunjwa, imejaa majina ya watu na tarehe. Majina, mistari kwa mistari! Kibati kidogo chenye namba. Na kadi iliyofungwa kwa kipande cha kitambaa.

Kitambaa chenye bawa la mbayuwayu.

Nikakigeuza mkononi.

Kitenge cha Denise. Kipande cha nguo ya mke wangu marehemu, kwenye kikopo cha majina, chini ya miguu yangu.

Nikaangalia kadi. Kiingereza. Nilikuwa na miezi minane tu darasani. Nikaona neno moja ninalolijua: Lambert. Chini yake, lingine: Arlène.

Mwalimu wetu wa jioni, Inès, mwanamke wa Bujumbura, ana neno lake moja asilochoka kulirudia: "Soma mpaka nukta. Usiamue kabla ya nukta."

Sikufika kwenye nukta. Hata upande wa pili sikugeuza.

Nilikimbilia kwa Mama Marthe.

Alikitazama kile kikopo bila kukigusa. "Papa, wameshika nguo ya mama na majina ya baba na mtoto. Wameifunga familia nzima. Ndiyo sababu mtoto ni kimya."

"Nisome kwanza?"

"Usisome. Maneno ya adui yanaingilia machoni."

Jumapili mchana, nyuma ya ukumbi wa kanisa, tukaweka kila kitu kwenye mkebe wa zamani wa rangi. Mimi ndiye niliyewasha kiberiti. Kitambaa kilikunjamana kwanza, halafu kadi. Nililia kwa furaha. Nilisema, "Asante Yesu, mwanangu amefunguliwa."

Kibati kilikataa kuungua. Nikakitia mfukoni nikakitupe mtoni.

Nikasahau.

Jumanne jioni, darasani, nilitoa penseli mfukoni. Kibati kikaanguka sakafuni, kling'i.

Mwalimu Inès akakiokota.

"Papa Lambert, hii umeipata wapi?"

"Mwalimu, iache. Ni kitu cha uchawi."

Akakigeuza. "Uchawi? Huu ni mchezo. Unaitwa geocaching. Watu wanaficha vikopo duniani kote, wenzao wanavitafuta kwa ramani ya simu. Ukikipata unaandika jina lako, unakiacha. Na hivi vibati vinasafiri. Mtu anakichukua kibati kwenye kikopo hiki, anakiacha kwenye kingine, mji mwingine. Namba hii inaonyesha kimetoka wapi."

Akaiandika namba kwenye simu yake.

Akasoma kimya. Halafu akavuta kiti akakaa.

"Papa," alisema, "binti yako anaitwa nani?"

Alinisomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Wa kwanza kuandika alikuwa mtalii, mwanamke wa Ureno, Januari 2018, Dubai. Alikuwa anatafuta kikopo karibu na bustani. Msichana anayesukuma kigari cha mtoto akamuuliza amepoteza nini. Alipomweleza kwamba vitu hivi vinasafiri mkono kwa mkono, msichana akauliza: vinaweza kufika Johannesburg?

Hotelini aliachishwa kazi. Sasa anafanya kazi kwenye nyumba ya watu. Pasi yake ya kusafiria na simu yake wameshika wao. Namba ya baba yake haipatikani. Anajua kitu kimoja tu, mahali baba yake anaposimama.

Alikata kipande cha kilemba chake, ile nusu ya kitenge cha mama yake. Akaandika kadi, na namba ya simu anayoazima kwa jirani, na mtalii akaifunga pamoja na kibati chake.

Kile kibati kilipita mikono ya watu watano wasiojuana. Dubai, Istanbul, mji fulani wa Ujerumani, Cape Town. Halafu Johannesburg.

Maandishi ya mwisho yalikuwa ya mzee wa Randburg.

Inès alisita. Nikamwambia, soma mpaka nukta.

"Nimefika kwenye parking. Nimewauliza walinzi wawili. Wote wamesema hakuna Lambert. Nitaficha kikopo chini ya nguzo aliyoitaja binti. Labda siku moja atarudi kazini."

Darasa zima likanigeukia.

"Mmoja wa wale walinzi ni mimi," nikasema.

Mwanangu aliniita kutoka jangwani, sauti yake ikabebwa na mataifa, ikafika mpaka usoni pangu. Nikasema sipo. Ikanisubiri chini ya miguu yangu. Nikaichoma.

Inès alimwandikia yule mzee. Kesho yake alikuja mwenyewe, na kaptula yake. Nilimfuata kabla hajafunga mlango wa gari.

"Mimi ni Lambert."

Alivua kofia. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa amepiga picha moja ya kadi kabla ya kuificha. Tukaiangalia pamoja. Namba ya simu ilionekana vizuri, isipokuwa tarakimu mbili za mwisho.

Zilikuwa zimefunikwa na kidole gumba chake.

"Nisamehe," alisema.

"Mzee, wewe umefunika mbili. Mimi nimechoma zote."

Tarakimu mbili ni namba mia moja. Kuanzia sifuri sifuri. Kila jioni kabla ya darasa nilipiga magoti, nikaomba, nikapiga namba kumi. Nyingine hazipo. Nyingine Kiarabu. Mwanaume mmoja akanitukana kwa lugha nisiyoijua, nikamwambia ubarikiwe.

Jioni ya saba, namba iliyoishia sitini na tatu. Ikaita muda mrefu. Sauti ya mwanamke, chini, mwangwi mwingi.

"Halo?"

Sauti ikanitoka kama ya mtu mwingine.

"Namtafuta Arlène."

Nilisikia pumzi.

Halafu, kwa Kiswahili chetu cha Uvira, kwa kunong'ona kulekule kwa nyuma ya kabati:

"Hakuna Arlène hapa."

Ikakatika. Nikapiga tena. Imezimwa.

Nilibaki nimeshika simu. Nilikuwa nimemwita kama walivyoita wale watu wa Alexandra. Nimetaja jina lake, langu nimelificha. Hata pale bado niliogopa kusema mimi ni nani.

Nikaandika ujumbe. Wa kwanza maishani mwangu kuandika bila msaada wa mtu.

*Mimi ni Lambert baba yako. Niko nguzo namba saba. Nipo.*

Siku kumi na moja hakuna jibu. Mama Marthe alikuja parking, akasimama nami pale kwenye baridi. Mwishoni akasema, "Papa Arlène, nilikukataza kusoma. Hiyo ni juu yangu." Alikuwa ameniita Papa Arlène.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia mara moja. Ujumbe.

*Kama ni wewe, nusu nyingine iko wapi?*

Nikaandika: *imefunika biblia.*

Haikupita dakika. Ikaita.

"Mimi ni Lambert," nilisema kabla ya kitu chochote.

"Papa." Pitchou alinishikilia bega, magari yakapiga honi, sikuona hata moja.

Mwishoni akauliza, "Papa, barua yangu walikusomea?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia yote. Mkebe, kiberiti, haleluya.

Kisha akacheka kile kicheko cha mama yake, kikageuka kilio.

"Na upande wa nyuma hukuona? Nyuma niliandika kwa Kiswahili. Ule ulikuwa wako peke yako."

"Uliandika nini, mama?"

"Nitakuambia nikifika."

Ninaandika haya mwaka 2019. Hajafika. Pasi bado iko kwenye droo ya watu, na kuna mama mmoja wa kanisa la kule anayemsaidia kuidai. Tunaongea Jumapili, dakika chache. Kila mara namuuliza nyuma ya kadi kulikuwa na nini. Kila mara ananijibu vilevile. Na usiku naiona kadi ile ikijikunja motoni, upande wa nyuma ukinigeukia, na mimi sasa najua kusoma, lakini moto unatangulia.

Nimeandika jina langu kwa kalamu nyeusi kifuani mwa kizibao changu. Chini ya nguzo namba saba kuna kikopo kipya. Mzee wa kaptula alikileta, na jina la kwanza kwenye karatasi yake ni langu.

Ndugu yangu unayesoma, omba bila kukoma, lakini maombi yasikufumbe macho. Lililo mbele yako lisome mpaka nukta, kisha geuza na upande wa pili.

Na jina lako likiitwa, itika. Hujui limetoka mbali kiasi gani.