Mama Debora Hasemi, Anatandua

Saa mbili asubuhi, chumba namba kumi na moja. Debora amesimama miguuni pa kitanda, mikono ameifunga nyuma ya mgongo. Shuka la chini limelegea upande wa ukutani, na mdomo wa foronya unatazama mlangoni, jambo ambalo mama huyu hajawahi kulivumilia.

Vidole vinamwasha. Mwezi uliopita angekuwa ameshatandua kitanda chote na kukitandika upya, kimya, kisha akaenda chumba cha pili. Leo anavuta pumzi na kuita kuelekea koridoni.

“Yusrah. Njoo mara moja, mwanangu.”

Anaita kwa sauti ya mtu aliyebeba gunia. “Bora ningepewa mashuka ya vyumba vyote niyafue kwa mkono,” anasema baadaye, akijichua kiuno. “Kumwita mtu umwambie amekosea ni kazi ngumu kuliko kufua.”

Debora, mwenye umri wa miaka 46, ni msimamizi wa wahudumu wa vyumba katika nyumba moja ya wageni mjini Mikumi, hatua chache kutoka barabara kuu ya Iringa. Ina vyumba kumi na vinane. Wageni wake ni madereva wa masafa marefu, maofisa walio safarini na watalii wa bei nafuu wanaokwenda hifadhini.

Alizaliwa Kidete, kwenye familia ya wakulima wa milimani ambako watoto walifundishwa kusali, kulima na kutopayuka. Mama yake, anasema, hakuwahi kumgombeza kwa ajili ya chungu.

“Nikikiosha vibaya anakichukua, anakiosha tena mbele yangu, hasemi neno. Mimi naona. Aibu inanitosha, kesho yake sirudii,” anasema. “Kwetu kumwambia mtu kosa lake usoni ni kumdhalilisha. Unalirekebisha, naye anaelewa.”

Alikuja Mikumi miaka kumi na moja iliyopita, baada ya kufiwa na mume. Alianza kwa kufua na kutandika. Miaka sita iliyopita akapewa usimamizi, na mshahara ukapanda kutoka shilingi 180,000 hadi 260,000 kwa mwezi. Nyongeza hiyo ndiyo inayomweka shuleni binti yake, Imani, aliye kidato cha tatu Kilosa na anayeishi kwa shangazi yake, Magomeni ya hukohuko Kilosa.

Cheo alikipokea, lakini namna yake ya kusema na watu haikubadilika. Alipokuta kitanda kimetandikwa ovyo alikitandua, akakitandika vizuri, akaendelea na safari yake. Kuna siku alitandika vitanda kumi na vinne ambavyo vilikuwa vimeshatandikwa. Jioni alikuwa halali mpaka apakwe dawa ya kuchua.

“Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka nikawa nawachukia bila wao kujua,” anasema. “Lakini moyoni nilijiona mwema. Nilidhani nawasitiri.”

Waliositiriwa hawakuliona hivyo. Mwezi wa pili mwaka huu mhudumu mmoja, Regina, binti mpole wa Msowero, aliacha sare yake rafuni, imekunjwa vizuri, akaondoka bila kuaga. Miezi sita baadaye akaondoka mwingine.

Meneja wa nyumba hiyo, Cosmas, akamwita ofisini. Hakupandisha sauti, maana si mtu wa kupandisha sauti.

“Mama Debora, kazi unaijua kuliko mimi. Ila wasichana wananikimbia,” alimwambia. “Nakupa mpaka mwisho wa Septemba. Ukishindwa kuongea nao, utarudi kutandika, usimamizi nitampa mtu mwingine.”

Debora alijibu neno moja: “Sawa.” Akatoka, akaenda kutandua chumba namba nne.

Wiki hiyohiyo meneja akamleta mkufunzi kutoka Morogoro, azungumze na wafanyakazi kuhusu mawasiliano kazini. Watu wakakaa ukumbini, wakagawiwa soda na vipande vya karatasi. Kila mmoja aliambiwa aandike, bila jina lake, jinsi mwenzake wa karibu anavyosema anapoudhika. Mkufunzi akawa anavisoma kimoja kimoja.

Kimoja kilisema: “Mama Debora hasemi, anatandua.”

Ukumbi ulicheka. Debora naye alicheka, kwa adabu tu. Kisha akaenda uani, akasimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akalia.

Mkufunzi alimfuata baadaye na kumpa zoezi moja: akiona kosa, mikono nyuma, amwite mwenye kazi. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwa Debora ilikuwa kama kuambiwa atembee sokoni bila kanga.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Magomeni kumwona binti yake, na karatasi ile bado inamzunguka kichwani. Kwa mwaka mzima alikuwa akimlalamikia wifi yake kwamba Imani amekuwa mvivu, hashiki hata sahani mama yake akiwepo. Safari hii hakulalamika. Aliuliza.

“Si unarudia, mama?” Imani alimjibu. “Kila nikiosha, unaosha tena. Nikajua hutaki nishike vyombo.”

Debora anasimulia hilo huku akitazama sakafu. “Mtoto wangu, ambaye nafanya kazi kwa ajili yake. Niliumia sana siku hiyo.”

Koridoni kunasikika kandambili. Yusrah anaingia chumba namba kumi na moja akifuta mikono kwenye sare. Ana miaka 22, mzaliwa wa Magomeni hiyohiyo ya Kilosa, mjukuu wa mfanyakazi wa reli. Ndiye aliyeandika ile karatasi, na ameshakiri mwenyewe.

“Kwetu ukikosea anasikia mpaka jirani wa tatu,” anasema. “Wanakupasha, mnakula, yanaisha. Mama Debora akitandua kitanda changu, mimi siku nzima sina raha. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba vizuri kabisa, halafu basi.”

“Abee, mama,” anaitika sasa.

Debora anakiangalia kitanda. Mikono bado iko nyuma.

“Shuka limelegea huku ukutani,” anasema hatimaye. “Na mdomo wa foronya usitazame mlangoni. Mgeni akiingia auone upande uliofungwa.”

“Na kingine?”

“Hakuna kingine.”

Yusrah anavuta shuka, anageuza mto. Haichukui hata dakika mbili. Kisha anamtazama msimamizi wake kwa mshangao wa kweli.

“Siku zote ilikuwa hayo tu, mama? Mimi nilijua kitanda kizima ni kibaya.”

Debora anaketi kwenye kiti cha mgeni, jambo ambalo wahudumu hawaruhusiwi kulifanya. Anamfikiria Regina. Vitanda vya Regina, anasema, vilinyooka kuliko vya wote. Alichokosea ni foronya, na hakuna aliyemwambia. Ameondoka akiamini hawezi kutandika kitanda.

Zimebaki siku tisa Septemba iishe. Cosmas anasema anaona mabadiliko, ila uamuzi atautoa siku ikifika. Debora hajui kama atabaki na cheo chake, na leo kiuno kinamuuma kama kawaida.

Anachokijua ni kwamba Jumapili, baada ya ibada, atapanda gari la Kilosa, kisha aunganishe hadi Msowero, ambako Regina anamsaidia mama yake shambani. Atamwomba arudi, hata kama msimamizi atakuwa mtu mwingine.

Kwa desturi ya nyumbani kwao, anayekwenda kuomba radhi hubeba kuku, akamkabidhi mwenyeji, na jambo likaisha bila maneno. Debora alishamtenga kuku. Juzi akamrudisha bandani.

“Nikimbeba, najijua, nitamkabidhi kuku nigeuze,” anasema. “Nakwenda mikono mitupu, ili mdomo ulazimike.”

Na atamwambia nini?

Vidole vyake vinachezea ncha ya shuka.

“Nitamwambia ilikuwa foronya.”