Kongelateri Iliyovuliwa Kofia

Ngili-ngili-ngili. Hata leo nikisikia chupa zinagongana ndani ya kreti masikio yananiwaka, maana sauti hiyo ndiyo iliyonifuata barabara nzima mpaka Shituru, chini ya shuka jeupe, huku watu wazima wa Likasi wakivua kofia zao. Chekeni sasa hivi mumalize, halafu nieleze.

Yaya Fifi, dada yangu mkubwa, alikuwa anapokea wakwe kwa mara ya pili. Mara ya kwanza tuliwapa bia ya moto (umeme ulikuwa umekwenda, na kwetu unakwenda kama una mchumba mahali, ingawa mabwawa ya umeme ya Koni na Mwadingusha hayako mbali), baba wa kijana akanywa funda moja, akaweka gilasi chini polepole, akasema, “Asante, tumeshiba,” na habari ya ndoa ikalala miezi na miezi. Yaya alikonda mpaka magauni yakamkimbia.

Kwa hiyo safari hii Mama alinikabidhi kongelateri yetu, friji ya kugandisha, ile ya sanduku refu yenye mfuniko juu, imejaa chupa, akatangulia kwa mama mkubwa kule Shituru kupika, kwa kuwa uwanja wake ndio mpana.

“Weye Nadine,” akaniambia, “unasema siku moja utafungua nganda yako” (yaani baa ya nyumbani, na ni kweli, naota mpaka rangi ya viti), “leo njo tutaona. Bia ikifika moto, yaya yako atazeekea hapa kwangu.”

Haijafika saa nne, umeme ukakatika. Kule Shituru umeme ulikuwepo. Mtu mwenye akili angezipanga chupa kwenye kreti, lakini jua la mwezi wa kumi lingezipika kabla hazijavuka reli, basi nikaamua kongelateri nzima iende. Nikamwita Papa Kalumba mwenye pusupusu, ule mkokoteni wa kusukuma kwa mikono, majirani wakatusaidia kupandisha, nikaifunika mablanketi yaliyolowa maji, na juu yake, ili jua liteleze, nikatandaza shuka jeupe la Mama la sikukuu. Nikarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yangu. Ilipendeza. Kingine sikukiona, jamani.

Kwenye kona ya kwanza mzee mmoja akasimama, akavua kofia. Kwenye ya pili vijana wa pikipiki wakazima injini, mmoja akafanya ishara ya msalaba. Papa Kalumba akaninong’oneza, “Mutoto, bantu banazani tunabeba maiti.”

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu, tungecheka wote, ningekwenda zangu. Lakini njia ilikuwa imefunguka mbele yetu kama ya gavana, magari yamekaa kando, na bia inazidi kupata joto.

“Nyamaza, Papa. Sukuma.”

Nikashusha kitambaa mpaka kwenye nyusi, nikainamisha kichwa. (Jasho lilikuwa linanichuruzika usoni, kazi ya machozi ikafanyika bure.)

Mama Ngosa, bibi anayeuza mihogo nyuma ya kanisa, akaacha meza yake, akaja kuweka kiganja juu ya shuka. “Ee mama yangu! Iko baridi kabisa! Bamemutosha mu morgue sasa hii!” (Morgue ndiyo mochwari.) Akavua kitambaa chake cha bluu kichwani, akamfunika nacho “marehemu”, akaanza wimbo wa kilio. Wanawake wakaitikia. Tukawa msafara. Na kila gurudumu likiingia shimoni, ngili-ngili-ngili.

“Ni nini inalia humo?” akauliza mmoja.

“Misumari,” akajibu Papa Kalumba, macho mbele. “Seremala hakukaza muzuri.”

Tulipokaribia reli, gari moja likasimama, na aliyeshuka, mimi nikatamani ardhi inimeze, ni baba mkwe wa Yaya mwenyewe, suti nyeusi, kofia mkononi, yuko njiani kwenda kwa mama mkubwa. Hakunitambua, siku ile ya bia ya moto alikuwa ameniona nyuma ya sinia tu.

“Pole sana, mutoto. Ni nani?”

“Ni… wa kwetu,” nikasema.

“Sisi tuko na safari ya furaha, lakini muntu hawezi kupita kilio hivi hivi.” Akampa mkewe koti na kofia, akaweka bega kwenye pusupusu, akasukuma kwa nguvu za mtu mwenye huruma, yaani nyingi mno. Gurudumu likaruka kwenye chuma cha reli, kongelateri ikalala upande, mfuniko ukapasuka wazi, chupa zikabingirika, moja ikapiga jiwe na povu likaruka mpaka kwenye viatu vyake.

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Papa Kalumba akatazama angani kama anatafuta ndege.

Baba mkwe akainama, akaokota chupa nzima, akaigusisha shavu lake. Akanitazama vizuri. “Weye si mudogo wake na Fifi?”

“Njo miye, Papa. Hii ni… ni bia yenu.”

Akaigeuzageuza chupa mkononi mpaka nikamwona Yaya ameota mvi nyumbani kwetu. Kisha akapokea kofia kwa mkewe, akairudisha kichwani. “Iko baridi,” akasema. “Basi tusukume mbio, marehemu asishikwe na jua.” Barabara nzima ikaangua kicheko. Yaya aliolewa, na mpaka leo mumewe ananiita Madamu Morgue.

Ila Mama Ngosa hakucheka. Alisimama pale kichwa wazi, akanitazama kidogo, akaenda. Jirani ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mwanawe wa kiume alifia migodini mbali, na hakuna aliyemsindikiza kaburini.

Tangu hapo nikifunika kongelateri ninatumia blanketi jekundu, na mtu akivua kofia ninapiga kelele kutoka mbali: “Ni bia, Papa! Vaa!”

Kitambaa cha bluu cha Mama Ngosa nilikifua kesho yake mpaka harufu ya bia ikatoka. Nilipofika kwake nilimsikia anafagia nyuma ya nyumba, anaimba wimbo uleule, na midomo yangu ikakataa kupiga hodi. Nikakitundika kwenye ua, nikaweka chini yake chupa ya limonadi iliyotoka kwenye barafu, nikaanza kuondoka. Kisha nikarudi, nikaisogeza chupa kivulini.