Hema la Tekber Nuakshoti

Ukame wa miaka ya sabini ulipomaliza ngamia wao wote, Tekber na mumewe Sidaty walihamia Nuakshoti, mji mkuu wa Mauritania, wakapiga hema mchangani, pembeni mwa mji. Tekber alisema wangekaa hapo mpaka mvua inyeshe kwao. Majirani wakaanza kujenga, kwanza kwa mabati, kisha kwa matofali, na mji ukawazunguka. Tekber alikataa katakata kujenga.

"Shoga, unamsubiri ngamia aje akubebe?" jirani yake Zeinabou alimtania.

"Nikishajenga ukuta, sirudi tena kwetu."

Mwaka wa tisa walisikia mvua imenyesha huko kwao. Sidaty akadandia lori kwenda kuangalia. Aliporudi baada ya siku kumi, aliketi bila kugusa chai.

"Kisima chetu umekiona?" Tekber aliuliza.

"Hata mahali kilipokuwa sikupatambua, mke wangu. Ni mchanga mtupu, na hakuna mtu."

Tekber hakulia. Kesho yake alilishusha hema mwenyewe, huku Sidaty akikoroga saruji. Nyumba ilipokwisha, majirani walikuja kuwapongeza, naye Tekber akawapokea kama waliokuja msibani.