Nafasi Waliyoiacha Kwenye Vibanja

Mimi kompyuta siziamini, na anayezihudumia ni binti wa marehemu kaka yangu. Amepanga chumba mjini, Kashai, na kazi yake iko Miembeni, kwenye ofisi ambako vibanja vyetu vya Muleba, mashamba yetu ya migomba, vimeingizwa kwenye kompyuta, kila mtu na mipaka yake. Ananiita tata, maana kwetu ndugu wa baba ni baba.

Alikuja kutusalimia. Tulikuwa tunakula ndizi na maharage, na jirani yangu wa upande wa chini yupo. Huyo harufu humfikia kabla hatujapakua. Simu ya binti ikaita. Akamwambia mwenzake wa kazini, "Jedwali la vibanja usijaze kila ukurasa mpaka pomoni. Acha nafasi. Na faharasa ihamishie diski nyingine."

Ndizi ikanikwama. Shule niliishia darasa la pili, lakini nafasi kwenye kibanja naijua, mtu haiachi bure. Mpaka wetu na jirani ni mstari wa miramula, ile mimea ambayo wazee walipanda kugawa ardhi, na mmoja wa katikati haupo. Mimi nasema ulikauka. Yeye anasema ulikatwa. Nikamtazama, naye alikuwa ananitazama.

Binti aliporudi kazini, nikamfuata.

"Nani atawekwa kwenye hiyo nafasi?"

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Nani?"

"Wewe mwenyewe. Ukiandikisha mrithi, habari zako zinaongezeka. Ukurasa ukiwa umejaa, zitahamia ukurasa mwingine, na kukutafuta kutachelewa."

"Na hiyo mliyoihamisha?"

"Faharasa? Inaonyesha tu habari za nani ziko wapi. Tumeiweka kwenye diski yenye kasi. Kibanja chako hakijaenda popote."

"Nionyeshe."

Akabonyeza. Jina langu likatokea, na chini yake la jirani.

"Mbona amesogea karibu hivyo?"

"Tata, ni jirani yako." Akacheka. "Na yeye ametoka hapa asubuhi. Ameuliza hayo hayo uliyouliza."

Sikuaga vizuri. Kufika Muleba nilishuka kwenye gari nikaenda mpakani moja kwa moja, hata chai sikunywa, na chai ya mke wangu huwa siiachi. Nikamkuta jirani ameketi kando ya shimo, mche wa muramula mkononi, pale pale penye pengo.

"Nimekungoja," akasema. "Ningepanda peke yangu ungesema nimekuibia."

"Ningesema."

Tukavuta kamba ya mgomba kutoka muramula wa juu hadi wa chini. Shimo lilikuwa kwenye mstari. Nilichungulia mara kadhaa. Akashika mche, nikafukia, kila mmoja akakanyaga udongo wa upande wake.

"Sasa hakuna nafasi," akasema.

"Hakuna."

Alfajiri nilikwenda kuangalia kama mche haujasogea. Yeye alikuwa ameshafika, amechuchumaa, anaupima kwa kiganja.