Haiwashi Hata Kidogo

Katika soko la Puebla, mama wa chapati za mahindi ana jibu moja kwa kila mteja anayeuliza kama pilipili yake ni kali: "Haiwashi hata kidogo." Hapo hapo huchovya kidole, huonja, kisha hujifuta machozi kwa kiwiko. Herminia, muuza mapapai wa meza ya pili, ameshaona wanaume na ndevu zao wakilia pale. Hata tumbo lilipomsumbua mama huyo wiki nzima, jibu halikubadilika. Asubuhi moja akashika chembe cha moyo.

"Shoga, hapa panawasha."

"Na choo?"

"Cheusi kama lami."

Herminia aliyaacha mapapai yake wazi, akamkokota hadi zahanati. Daktari akasema ukuta wa ndani wa tumbo umevimba na unavuja damu. Akampa dawa, na pilipili akaipiga marufuku. Siku hizi mama anawachotea wateja bila kuonja, kibakuli cha uji pembeni, uso mpole kama wa mtawa. Jana daktari mwenyewe alipita na njaa yake.

"Inawasha, mama?"

"Haiwashi hata kidogo, daktari wangu."

Daktari akamega mara moja tu, macho yakamtoka. Mama akamsogezea uji.

"Kunywa polepole, mwanangu. Na choo kikiwa cheusi, usikawie."