Hesabu ya Msukumo Iliyomshinda Binti Yangu

Mimi niliishia darasa la nne, na nyumba zangu za bati hapa Bariadi nilizijenga kwa pamba. Kushindwa sikukuzoea. Kwa hiyo binti yangu aliporudi kutoka chuo kikuu akasema amefeli fizikia, na akifeli marudio anafukuzwa, sikumbembeleza.

Ilikuwa ile miaka wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kumiminika. Nilikuwa ndani ya gunia lililoning'inizwa kwenye miti, nashindilia pamba kwa miguu, kichwa tu kiko nje.

"Mayu," nikamwita, kama Wasukuma tunavyomwita binti kwa heshima, "kitu gani kimekushinda?"

"Kinaitwa tensa, baba. Lakini kuna mengine ya kujua kwanza. Hapo unakanyaga kwenda wapi?"

"Chini. Huoni?"

"Mbona gunia limevimba ubavuni?"

Wapakiaji wakacheka. "Mzee kapatikana!"

Binti akasema ndiyo maana namba moja haitoshi. Lazima ujue nishati iliyomo katika kila kipande cha nafasi, inatiririkia wapi, na kila msukumo unaelekea upande gani na unapenya uso upi. Ukiongeza wakati kwenye zile pande tatu, namba zinakuwa kumi na sita, na zote kwa pamoja ndiyo hiyo tensa. Na mtu anayepita na lori atapata namba nyingine kwa gunia hilohilo, ingawa gunia ni lilelile.

"Kumbe unajua! Umefeli nini sasa?"

"Kutoka namba zangu kwenda za mtu wa lori. Msingi wa hesabu hiyo sina. Mwalimu alituacha kidato cha tano."

Alikokwenda nilikujua. Alikuwa palepale mbele yetu, anapima pamba kwenye mizani ya mnunuzi. Nikatoka guniani, nikamfuata.

"Mwalimu, njoo umalize kazi yako."

Akaja na chaki. Akaandika kwenye ukuta wa ghala, mstari baada ya mstari, binti anaitikia. Halafu mkono ukasimama.

"Hapa nimesahau," akasema.

Wakulima kwenye foleni wakapiga kelele. "Mwalimu, pamba yetu inakauka, uzito unapungua!"

Akarudi kwenye mizani. Binti akachukua chaki, akaongeza mstari, akaufuta. Akaongeza mwingine, akaufuta pia. Maisha yangu yote kazi ikinishinda namwita mtu. Siku ile sikuwa na wa kumwita.

Asubuhi akapanda basi. "Nitaufanya huo mtihani," alisema bila kuniangalia. Sikumuuliza kama atafaulu. Niliogopa asije akanijibu ukweli.